Ukinyimwa Marekebisho Kazini: Mwongozo kwa Askari wa Zamani Mwenye Ulemavu Nchini Marekani

Mwaka 2007 askari wa akiba wa Jeshi la Marekani, Le Roy Torres, alipelekwa Iraq. Huko taka za kambini zilikuwa zikichomwa kwenye mashimo ya wazi, na moshi wake ulimrudisha nyumbani na ugonjwa wa mapafu. Kazi yake ya uaskari wa barabarani katika jimbo la Texas hakuiweza tena. Aliomba mwajiri wake, idara ya usalama wa umma ya jimbo hilo, ampe kazi nyingine ambayo mapafu yake yangeimudu. Hawakuelewana, akaenda mahakamani, na jimbo likajitetea kwamba haliwezi kushtakiwa bila ridhaa yake. Mabishano yalipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Juni 2022, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba linaweza. Mwaka uliofuata jopo la wananchi lililosikiliza kesi huko Texas likaamua alipwe karibu dola milioni 2.5.

Tangu aliporudi kutoka vitani hadi uamuzi huo ilipita zaidi ya miaka kumi. Kesi nyingi za aina hii haziendi mbali hivyo. Huishia mezani kwa makubaliano, na anayetoka na kitu mkononi mara nyingi ni yule mwenye makaratasi: barua aliyoombea, jibu alilopewa, na tarehe ya kila moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Marekebisho ni badiliko lolote la kazi au la mahali pa kazi linalomwezesha mwenye ulemavu kuifanya kazi yake. Mwongozo huu unamhusu yeyote aliyevaa sare za Marekani na sasa anafanya kazi ya kiraia huko, awe mzaliwa au mgeni. Waswahili wamo: mpango wa MAVNI, uliofungwa mwaka 2016, ulisajili wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo.

Acha kuficha

Jeshini mtu hufundwa kusema "niko sawa" hata mfupa ukiwa umevunjika. Tabia hiyo ikihamia ofisini au kiwandani humgeuka mwenyewe. Mlio wa masikioni unamfanya asikie nusu tu ya maagizo ya simu. Jeraha la ubongo linamsahaulisha vikao. Kiwewe cha vita, kile madaktari wanachokiita PTSD, kinamnyima usingizi usiku na kumchelewesha asubuhi. Anapata onyo la kwanza, la pili, kisha barua ya kufukuzwa. Siku hiyo ndipo anapofungua faili lake la matibabu na kusema, "Ni kwa sababu ya vita."

Kisheria amechelewa. Mwajiri hatakiwi kukisia ulemavu usioonekana, na marekebisho hutazama mbele tu. Hayafuti maonyo yaliyotolewa kabla hujaomba. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukianza kuona hali yako inagusa kazi, omba kabla ya onyo. Kama onyo limeshatoka, omba siku hiyo hiyo.

Kuomba si kujitangaza. Taarifa za afya unazotoa kwa ajili ya marekebisho lazima zihifadhiwe kwa siri, kwenye faili lililo mbali na faili lako la kawaida la kazi. Msimamizi anaweza kuelezwa ni kitu gani kinabadilika katika kazi yako. Wenzako wa meza ya pili hawana haki ya kuambiwa lolote.

Jua unasimama chini ya sheria ipi

Hapa wengi huchanganya, na kosa hili ni ghali kwa sababu kila sheria ina mlango wake na saa yake.

ADA, sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya mwaka 1990, ndiyo inayowagusa wengi. Inawabana waajiri binafsi, majimbo na serikali za mitaa walio na wafanyakazi 15 au zaidi. Mahakama ziliifinya kwa miaka mingi hadi Bunge lilipoipanua tena mwaka 2008. Leo kanuni zake zinaitaja PTSD, sonona kali na kifafa miongoni mwa hali ambazo hazipaswi kuhitaji mabishano marefu ili zihesabiwe ulemavu. Ugonjwa unaokuja na kuondoka nao unahesabiwa, mradi unapokuja unakwamisha shughuli kubwa ya maisha kama kulala, kusikia, kutembea au kutuliza akili kwenye jambo moja.

Kama umeajiriwa na serikali ya shirikisho ukiwa raia, kwa mfano posta, hospitali ya VA (wizara ya masuala ya maveterani) au ofisi za kambi ya jeshi, sheria yako ni Rehabilitation Act ya mwaka 1973. Kipimo chake cha marekebisho ni kile kile cha ADA. Tofauti iko kwenye njia ya kulalamika, ambayo saa yake inakimbia mno.

Sheria ya tatu ni USERRA ya mwaka 1994. Ndiyo iliyombeba Torres, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu iliyosahaulika kuliko zote. Inamlinda aliyeacha kazi ya kiraia kwenda kutumikia, kisha akarudi na ulemavu alioupata, au uliozidi, katika utumishi huo. Haiangalii ukubwa wa mwajiri; hata mwenye mfanyakazi mmoja inambana. Inamtaka mwajiri ajitahidi kukurudisha kwenye nafasi ambayo ungekuwa umeshaifikia kama usingeondoka, na si lazima iwe ile uliyoiacha. Ikiwa ulemavu haukuruhusu hata baada ya marekebisho na mafunzo, akutafutie nafasi inayolingana nayo kwa cheo, hadhi na malipo. Hiyo nayo ikikosekana, iliyo karibu nayo zaidi. Hizo ni ngazi za kushuka moja moja. Mwajiri haruhusiwi kurukia ya mwisho kwa kuwa ndiyo rahisi kwake.

Masharti yake: mwajiri awe alipewa taarifa kabla hujaondoka, jumla ya muda uliomwacha kwa ajili ya jeshi isizidi miaka 5 (upo utumishi ambao hauingizwi kwenye hesabu hiyo), usiwe uliondolewa jeshini kwa fedheha, na uombe kurudi kwa wakati. Aliyetumikia siku 31 hadi 180 ana siku 14 za kuomba. Aliyezidisha siku 180 ana siku 90. Ukiwa bado unauguza jeraha, muda huo unaweza kusogezwa hadi miaka 2.

Angalizo moja: kama mwajiri wako alikuajiri baada ya wewe kutoka jeshini, ngazi hizo hazikuhusu. USERRA itakulinda ukibaguliwa kwa sababu ulikuwa askari, lakini marekebisho ya kazi utayadai kwa ADA. Na kama mahali pako pana wafanyakazi 9 tu, tazama sheria ya jimbo. California inaanza kuwabana waajiri wenye watu 5. New York inawabana wote bila kujali idadi.

Asilimia za VA ni hesabu nyingine

Mtu anaweza kuwa na 70% za VA na bado akashindwa kesi ya marekebisho. Mwingine hana asilimia hata moja na akashinda. VA hupima kiasi ambacho jeraha limekupunguzia uwezo wa kujipatia kipato, ili ikulipe fidia. ADA inauliza maswali mengine: shughuli gani ya maisha inakwama, na ni kitu gani kitakuwezesha kufanya kazi *hii*? Barua ya VA ni ushahidi mzuri kwa swali la kwanza. La pili hailijibu.

Kuna mtego hapa ambao mawakili wa waajiri wanaujua vizuri. VA ina malipo yanayoitwa TDIU, ambapo mtu hulipwa kiwango cha 100% kwa kuwa majeraha yake yanamzuia kushika kazi ya maana. Ukiandika VA kwamba huwezi kufanya kazi, kisha ukadai mahakamani kwamba ungeiweza kama ungefanyiwa marekebisho, karatasi hizo mbili zitawekwa mezani bega kwa bega. Mwaka 1999, katika kesi ya Cleveland dhidi ya Policy Management Systems, Mahakama ya Juu ilizungumzia mafao ya ulemavu ya Social Security (hifadhi ya jamii) na kusema kwamba kuomba mafao hakuui kesi ya ADA moja kwa moja, ila mdai lazima aeleze madai yote mawili yanawezaje kuwa kweli. Maelezo yenyewe yapo: mfumo wa mafao hauulizi kama ungeweza kufanya kazi kwa marekebisho. Lakini yatolewe mapema na kwa mpango. Ombi lolote la TDIU au Social Security, mwambie wakili siku ya kwanza.

Andika ombi lako

Sheria haidai maneno maalumu. Ukimwambia msimamizi, "Dawa ninazotumia zinanifanya nishindwe kuamka saa kumi na moja, naweza kuanza kazi saa tatu?" tayari umeomba. Tatizo ni kwamba maneno ya mdomo hukanwa. Andika. Barua pepe inatosha, kwa msimamizi, na nakala kwa ofisi ya utumishi. Lugha utaigeuza iwe Kiingereza, ila maudhui yawe kama haya:

"Nina hali ya kiafya ambayo ni ulemavu chini ya ADA. Inanizuia kusikia vizuri penye kelele na kukumbuka maelekezo marefu ya mdomo. Ili nitimize majukumu yangu, naomba maelekezo ya kazi yaandikwe kwa barua pepe, na meza yangu ihamishwe mbali na mashine. Niko tayari kujadili njia nyingine zitakazofaa. Naomba jibu kwa maandishi kufikia tarehe 14."

Hakuna jina la ugonjwa humo, hakuna hadithi ya vita, hakuna lawama. Sentensi ya kutaka majadiliano usiifute hata kama imekukaa vibaya mdomoni. Sheria inategemea pande zote mbili zizungumze, na mahakama hutafuta ni nani aliyefunga mlango wa mazungumzo. Asiwe wewe.

Uombe nini hasa? Anza na kinachokwama, kisha utafute dawa yake. Mwenye PTSD huweza kuomba meza isiyoupa mlango mgongo, ruhusa ya kutoka dakika chache umati unapombana, au ratiba inayoacha nafasi ya miadi ya tiba. Mwenye jeraha la ubongo: maelekezo ya maandishi, taa zisizomulika vikali, vikumbusho, mapumziko mafupi. Mwenye mgongo ulioharibika: meza inayopandishwa na kushushwa. Mbwa msaidizi naye huombwa kwa njia hii hii. Ukikwama, wapo JAN, huduma ya bure iliyoanza mwaka 1983, inayogharamiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani na yenye makao katika Chuo Kikuu cha West Virginia. Wanapatikana askjan.org na simu 1-800-526-7234. Wanashauri mfanyakazi na mwajiri vilevile, kwa siri. Uchunguzi wao wa miaka mingi kwa waajiri umeonyesha kwamba takriban nusu ya marekebisho hayagharimu hata senti. Takwimu hiyo iweke mfukoni. Utaihitaji mtu akianza kulalamikia bajeti.

Mipaka nayo ipo. Mwajiri halazimiki kukuondolea jukumu ambalo ndilo moyo wa kazi, wala kushusha kiwango cha uzalishaji, wala kumtoa mtu kwenye nafasi yake ili uingie wewe. Kuhamishiwa nafasi iliyo wazi kunawezekana, lakini ni hatua ya mwisho. Na njia mbili zikifanya kazi sawasawa, yeye ndiye anayechagua, hata kama akichukua ile usiyoipenda.

Barua ya daktari

Ulemavu usipoonekana kwa macho, mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho. Haki hiyo inaishia kwenye hali inayohusika na hitaji lenyewe. Faili lako zima la VA halimhusu, na fomu inayomruhusu kuchota kumbukumbu zako zote za matibabu usiisaini. Mjibu kwa maandishi kwamba utampa barua inayojibu maswali yake.

Madaktari huandika kwa haraka. Barua inayosema "Mgonjwa ana PTSD, tafadhali msaidieni" haimsaidii mtu. Nenda na maelezo rasmi ya kazi yako pamoja na ukurasa mmoja wa maswali: ni uwezo gani umepungua, utaendelea hivyo kwa muda gani, na marekebisho ninayoomba yanasaidiaje? Daktari akijibu hayo matatu kwa sentensi mbili mbili, una barua bora kuliko kurasa kumi za vipimo.

Wakikataa

"Hapana" huja kwa sura nyingi, na ya kawaida kuliko zote ni kimya. Zimepita wiki mbili hujajibiwa? Andika tena, ukitaja tarehe ya ombi la kwanza. Ukikataliwa kwa mdomo, rudi mezani kwako na utume ujumbe mfupi: "Leo mchana umeniambia kwamba ombi langu halitakubaliwa kwa sababu ya gharama. Kama nimekuelewa vibaya, naomba unisahihishe." Asiposahihisha, umeshapata ushahidi. Uliza pia ni nani aliyeamua, kwa sababu gani, na ni njia zipi nyingine zilizofikiriwa.

Mwajiri huweza kusema marekebisho ni mzigo kupita kiasi, na mzigo huo hupimwa kwa uwezo wake wote wa kifedha, sio bajeti ya kitengo chako pekee. Huweza kusema jambo uliloomba halitafanya kazi, au linagusa moyo wa kazi. Sababu inayowaangukia askari wa zamani kuliko wengine ni ile ya usalama: kwamba mwenye PTSD "anaweza kulipuka." Sheria inakubali hoja ya hatari, ila idhihirishwe kwa tathmini ya mtu mwenyewe na ushahidi wa kitabibu au wa matukio halisi. Filamu alizotazama meneja hazihesabiki. Mtu akitamka maneno ya aina hiyo, andika tarehe, mahali na waliosikia.

Tunza shajara na nakala nyumbani, lakini kwa uangalifu. Usijitumie nyaraka za siri za kampuni, kwani utawapa sababu halali ya kukufukuza. Usirekodi mazungumzo kwa siri kabla ya kujua sheria ya jimbo lako. California, kwa mfano, inataka ridhaa ya wote wanaozungumza.

Saa inayokimbia

Haki nyingi hufia hapa.

- Mwajiri binafsi, jimbo au serikali ya mtaa: siku 180 tangu kukataliwa kuwasilisha lalamiko EEOC, tume ya shirikisho ya fursa sawa za ajira. Zinakuwa 300 pale jimbo au mji ulipo na chombo chake kinachosimamia sheria ya aina hiyo.
- Mfanyakazi wa shirikisho: siku 45 kumwona mshauri wa EEO wa idara yako. Ushauri ukishindikana na ukapewa taarifa ya kukuruhusu kuendelea, siku 15 kuwasilisha lalamiko rasmi.
- Ukipata barua ya EEOC inayokuruhusu kushtaki: siku 90 kufika mahakamani.
- USERRA: sheria haikuweka ukomo wa kushtaki. Usilewe na uhuru huo. Mashahidi huhama na barua pepe hufutwa.

Hesabu kuanzia siku uliyonyimwa, sio siku uliyofukuzwa. Aliyenyimwa Januari na kufukuzwa Oktoba anaweza kuwa bado ana kesi ya kufukuzwa huku ile ya kunyimwa ikiwa imeshakufa. Na rufaa ya ndani ya kampuni, au lalamiko kupitia chama cha wafanyakazi, havisimamishi saa. Mahakama ya Juu ilishasema hivyo tangu miaka ya 1970. Ofisi ya utumishi ikikuambia "tupe muda tulishughulikie," wape muda huku ukiendelea kuhesabu siku zako.

Kupeleka lalamiko

EEOC unaianzia mtandaoni au kwa simu 1-800-669-4000. Utahojiwa, kisha lalamiko litaandikwa nawe utalisaini. Lisome kabla ya kusaini. Kama uliadhibiwa baada ya kuomba, hakikisha limetajwa suala la ulemavu *na* la kulipiziwa kisasi, maana baadaye mahakama inaweza kukataa kusikiliza usichokiandika. Mwajiri hujulishwa ndani ya siku 10. Huenda mkaalikwa kwenye upatanishi, ambao ni wa hiari na wa bure. Mimi ningekwenda, kwa kuwa marekebisho unayahitaji sasa na sio baada ya miaka miwili. Mwajiri akituma utetezi wake wa maandishi, omba nakala na uujibu. Siku 180 zikipita bila uamuzi unaweza kuomba barua ya kushtaki. Na EEOC ikifunga faili bila kukuunga mkono, hujashindwa kesi. Mlango wa mahakama uko wazi kwa zile siku 90.

Lalamiko la mfanyakazi wa shirikisho huchunguzwa na idara yake mwenyewe, kwa kawaida hadi siku 180. Akishapewa faili la uchunguzi ana siku 30 za kuchagua kati ya kusikilizwa na jaji wa EEOC na kuachia idara iamue. Idara kujihukumu yenyewe, matokeo yake unaweza kuyakisia.

Kwa USERRA unajaza Fomu 1010 ya VETS, kitengo cha Wizara ya Kazi, simu 1-866-487-2365. Wana siku 90 za kuchunguza. Wakishindwa kusuluhisha, unaweza kuomba faili liende Wizara ya Sheria, au Ofisi ya Mwanasheria Maalumu kama mwajiri ni serikali ya shirikisho, nao wanaweza kukuwakilisha bure. Au, kama mwajiri si serikali ya shirikisho, unaweza kuwaruka wote na kwenda mahakamani mwenyewe na wakili wako, bila kutozwa ada za mahakama. Walio Guard na Reserve, yaani vikosi vya akiba, wana njia nyingine laini, wapatanishi wa kujitolea wa ESGR, ofisi ya Wizara ya Ulinzi. Hawana nguvu ya kulazimisha mtu, lakini simu moja kutoka kwao imewaamsha waajiri ambao hawakujua tu sheria.

Kumpata wakili anayefaa

Kosa la kawaida ni kwenda kwa anayejua mafao ya VA. Wawakilishi wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion ni hodari kwenye madai ya fidia. Kesi ya kazini ni fani nyingine kabisa. Unamtaka wakili wa ajira anayetetea wafanyakazi. Orodha ya wanachama wa NELA, chama cha mawakili wa aina hiyo, ni pa kuanzia. Huduma ya rufaa ya chama cha mawakili cha jimbo ni ya pili. Kama kipato ni kidogo, jaribu ofisi ya msaada wa kisheria ya eneo lako, kliniki za maveterani katika vyuo vya sheria, na shirika la kulinda haki za watu wenye ulemavu ambalo kila jimbo linalo kwa mujibu wa sheria ya shirikisho. Tovuti ya Stateside Legal imekusanya njia nyingi za msaada kwa wanajeshi na familia zao.

Wengi hufanya kazi kwa asilimia: ukishinda anakata, ukishindwa hapati ada. Uliza gharama za uchunguzi na mashahidi wataalamu zitabebwa na nani, kwa kuwa hizo huwa nje ya asilimia. Uliza ameshughulikia kesi ngapi za marekebisho, na kama amewahi kugusa USERRA. Nenda na ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe, barua ya ombi, jibu la mwajiri na barua ya daktari. Wakili akiukuta mpangilio huo, dakika zake thelathini za bure zitatumika kwenye kesi, badala ya kuulizana ilikuwa mwezi gani.

Ukiwa bado ndani

Usiache kazi kwa hasira. Kuthibitisha kwamba ulilazimishwa kuacha ni mlima mrefu kuliko kuthibitisha kwamba ulinyimwa. Kama mwili au akili vimechoka, tumia likizo. FMLA, sheria ya likizo ya familia na matibabu, inatoa wiki 12 bila malipo kwa mwaka kwa aliyetimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi, mahali penye wafanyakazi 50 au zaidi. Kwa waajiriwa wake, shirikisho lina ukarimu wa ziada: agizo la rais namba 5396 la mwaka 1930, ambalo bado lina nguvu, linampa veterani mwenye ulemavu haki ya likizo kwa ajili ya matibabu, na veterani aliye mwajiriwa mpya mwenye 30% za VA au zaidi ana saa 104 za likizo ya matibabu katika miezi 12 ya kwanza. Na mvutano huu ukianza kuamsha usiku ule wa zamani, piga 988 kisha ubonyeze 1, simu ya msaada wa dharura kwa maveterani.

Kuomba marekebisho kwenyewe kunalindwa. Hata ombi likikataliwa kihalali, mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kuliomba kwa nia njema. Tunza tathmini zako za kazi za miaka iliyopita. Aliyekuwa "hodari" Machi na "mzembe" Mei, huku ombi likiwa limeingia Aprili, hahitaji kueleza mengi.

Pesa na karatasi ya mwisho

Chini ya ADA unaweza kulipwa mishahara uliyoikosa, kurudishwa kazini na kugharamiwa wakili. Fidia ya maumivu pamoja na ya adhabu ina dari: dola 50,000 kwa mwajiri mwenye watu 15 hadi 100, dola 100,000 hadi watu 200, dola 200,000 hadi 500, na dola 300,000 zaidi ya hapo. Mishahara ya nyuma haimo kwenye dari hiyo. Mwajiri akithibitisha kwamba alijitahidi kwa nia njema kutafuta suluhu pamoja nawe, fidia hiyo ya maumivu na adhabu huondoka kabisa. Hapo ndipo zile barua pepe fupi za "naomba unisahihishe" zinapolipa.

Makubaliano yakija, soma kinachosema kuhusu barua ya sifa, usiri, na kama umezuiwa kuomba kazi hapo tena. Hakikisha madai yako ya VA hayajaguswa na maneno mapana ya kusamehe "madai yote." Mishahara ya nyuma hukatwa kodi kama mshahara, fidia ya msongo wa akili nayo kwa kawaida hutozwa kodi, hivyo uliza hundi zitagawanywaje kabla ya kusaini. Fidia yako ya ulemavu kutoka VA haipungui kwa sababu ya malipo hayo. Pensheni ya VA, ile inayopimwa kwa kipato, inaweza kupungua, na mwenye kuipokea aitaje kwa wakili kabla ya kiasi kukubaliwa.